Siku 84 na Saa Mbili

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Naona wenye watoto mgongoni mmekaa karibu na mlango. Mnajua mnachofanya.

Nimeombwa nizungumzie mama aliyejifungua: arudi kazini au abaki nyumbani? Sikuja kumwambia mtu arudi. Dada yangu wa tumbo moja aliacha ajira baada ya kupata pacha, leo anauza chapati Mbagala na hajuti. Ugomvi wangu ni na saa tunayochagua kuamua, na hesabu tunayopiga.

Mimi niliamua kuacha kazi saa tisa usiku. Mtoto alikuwa na wiki kumi, yuko kwenye titi, baba yake anakoroma. Nikaandika barua ya kuacha kazi kwenye simu, nikabonyeza kutuma. Bando lilikuwa limekwisha. (Kicheko.) Asubuhi, baada ya uji, nikaisoma tena ile barua. Ilikuwa imeandikwa na usingizi.

Mchana wake tukakaa na mume wangu kupiga hesabu. Mshahara wangu mkononi ulikuwa shilingi 650,000. Tukatoa 150,000 za dada wa kazi, 70,000 za nauli, 80,000 za chakula cha mchana na vidogovidogo. Zikabaki 350,000. Mzee akaniambia, "Mama, unahangaikia 350,000?" Nikakaribia kukubali. Halafu nikamuuliza: huyu dada anamlelea nani? Mbona kwenye mshahara wako hatujatoa kitu? Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu. Tulipomgawa dada nusu kwa nusu, zangu zikawa 425,000.

Tena kuna kitu hakikuandikwa kwenye karatasi ile. Michango yangu NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ilikuwa imefika miezi 96, na pensheni ya uzee inadai isiyopungua 180. Mwajiri ndiye anayetoa nusu ya mchango ule, kama si zaidi. Ukiacha kazi, unaacha na nusu yake. Sisemi hiyo peke yake itoshe kukurudisha, ila nayo iandikwe.

Sasa sheria, kwa haraka, maana wengi mnaijua nusu. Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inakupa siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Taarifa mpe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Likizo ikiisha, una haki ya kurudi kwa masharti yaleyale ya kazi. Na mama anayenyonyesha aruhusiwe kunyonyesha muda wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Hizi saa 2 ndizo tunazoziacha mezani, halafu tunaacha kazi.

Maana tazameni: kliniki wanakuambia maziwa ya mama pekee miezi 6, na siku 84 hazifiki hata miezi 3. Hapo katikati ndipo wanawake wanapodondokea. Niliporudi, wiki ya kwanza nilikamulia maziwa stoo, nimekalia boksi la karatasi za fotokopi, kanga imetundikwa mlangoni badala ya komeo. Siku moja kikao kilirefuka na blauzi ikalowa mbele ya wakaguzi. Nilipoomba saa zangu, bosi akasema pale si kliniki. Sikubishana naye. Nikaandika barua, nikataja kifungu, nikapendekeza niwe natoka saa nane na nusu badala ya saa kumi na nusu. Siku ya tatu alisaini. Kwa mdomo hakusema lolote hadi leo.

Maziwa yenyewe: ukiyakamua, kwenye friji yanakaa hadi siku 4. Nje ya friji ni saa 4, tena kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na joto letu la Dar mnalijua, kwa hiyo beba kiboksi chenye barafu cha kuyawekea. Dada afundishwe kumnywesha kwa kikombe. Mfundishe wiki mbili kabla hujarudi, wewe ukiwa chumba cha pili, mtoto asikunuse. Wangu siku ya kwanza alimwaga yote kifuani. Siku ya nne akanywa bila kumwaga.

Najua hapa wamo mama lishe na wauza mboga, na hizi siku 84 hazikuwagusa. Mama yangu alirudi sokoni Tandale arobaini ilipotimia, mimi nikiwa kwenye tenga. Hakuna aliyemuuliza kama anarudi. Kwa hiyo ninaposema "kuamua", najua nazungumza na wenye mkataba, na nyie wengine mna haki ya kunikatiza.

Haya, anza wewe mama wa mlangoni. Uliza sasa, kabla mtoto hajaamka.