Kura 36: uchaguzi wa Marekani uliokwama mwaka 1801

DULLA: Taa nyekundu hiyo, tuko hewani. Karibuni jamani, mimi Dulla, niko na dada Zuhura kama kawaida, na leo kaja na daftari, ukimuona na daftari ujue leo tutalala hapahapa.

ZUHURA: Hatulali. Nataka tuongelee uchaguzi mmoja tu, ule wa Marekani wa mwaka 1800. Katiba yao ilikua na miaka kama 12 tu tangu ianze kufanya kazi na nusura iwafie mikononi.

DULLA: Mi shuleni niliambiwa wale wazee walijifungia Philadelphia 1787, wakaandika, wakasaini, kazi ikaisha.

ZUHURA: Waliandika vizuri sana mambo mengi, ila waliacha tundu, na tundu lenyewe wakaliacha kwenye namna ya kumpata rais. Sikia sasa. Mwananchi hampigii rais kura moja kwa moja, kila jimbo lina wajumbe wa uchaguzi. Na hao wajumbe, mwaka ule kulikua na majimbo 16, ni majimbo 5 tu ambako wananchi waliwachagua wajumbe wenyewe, kwengine bunge la jimbo lilikaa likateua basi.

DULLA: Na hao wananchi wenyewe ni kina nani?

ZUHURA: Wengi wao wanaume weupe, na sehemu nyingi lazima uwe na mali au unalipa kodi. New Jersey kulikua na wanawake wenye mali zao, wajane na ambao hawajaolewa, walikua wanapiga kura kabisa mpaka 1807 wakafungiwa mlango. Watumwa usiulize, ila watumwa nitawarudia maana wamo kwenye hesabu hii vibaya sana.

DULLA: Haya endelea.

ZUHURA: Kila mjumbe ana kura mbili, na zote mbili ni za urais. Hakuna karatasi ya makamu. Atakayeongoza anakua rais, wa pili anakua makamu. Kwa watu wasiofikiria vyama hiyo ni sawa, ila vyama vilizaliwa chapuchapu, chama cha Federalist cha kina Adams na Hamilton huku, na Republican wa Thomas Jefferson kule, na msije mkawachanganya na Republican wa leo. Basi 1796 John Adams akapata kura 71, Jefferson akapata 68.

DULLA: Subiri. Umemshinda mtu, halafu huyohuyo ndo unapewa awe msaidizi wako?

ZUHURA: Miaka minne. Na 1798 Federalist, ndo wenye serikali, wakapitisha sheria, ukiandika uongo wa kuchafua serikali, bunge au rais, ndani. Unajua nani hayumo kwenye hiyo orodha? Makamu wa rais.

DULLA: (anacheka) Yaani Jefferson ruksa kumchafua.

ZUHURA: Ruksa kabisa. Sasa kuna mbunge mmoja wa Vermont, Matthew Lyon, huyu shika jina lake maana atarudi. Mtu wa Republican, mzaliwa wa Ireland, alifika Marekani kijana hana kitu. Januari 1798 alikosana na mbunge wa Connecticut, Roger Griswold, akamtemea mate usoni palepale ukumbini.

DULLA: Bungeni?

ZUHURA: Bungeni. Wiki mbili baadae Griswold akaingia na fimbo akamfata kwenye kiti chake akaanza kumtandika, Lyon akakimbilia kwenye moto akachukua koleo, wakapigana mpaka wakaamuliwa. Mwaka huohuo Lyon akashtakiwa kwa ile sheria kwa alichoandika kuhusu Adams, akapewa miezi minne na faini ya dola 1,000. Akagombea ubunge akiwa selo, na watu wa Vermont wakamrudisha.

DULLA: Aisee, wapiga kura wakorofi.

ZUHURA: Haya, 1800 imefika. Vyama vyote vilikua vinalijua lile tundu, kwamba wajumbe wako wote wakiwapa kura wagombea wako wote wawili, wanafungana. Dawa yake ilikua ndogo tu, mjumbe mmoja wa chama chako asimpe kura yule unayemtaka awe makamu, aitupe pembeni. Federalist walifanya hivyo, mjumbe mmoja wa Rhode Island akampa John Jay, kwahiyo Adams 65, mgombea mwenza wake Pinckney 64, safi. Republican kila mtu akaona mwenzake ndo ataitupa. Matokeo yanakuja, Jefferson 73, Aaron Burr 73.

DULLA: Hii kitu imetutokea kwenye kikoba chetu, kila mmoja alidhani mwenzake kapeleka hela, kumbe hakuna aliyepeleka, na tulishajipigia makofi kabisa.

ZUHURA: Ndo hivyohivyo. Na ikiwa sare, Burr angeweza kusema jamani mi nilikua mgombea mwenza, mpeni mzee. Hakusema. Hakupiga kampeni waziwazi lakini na kujitoa hakujitoa, alitulia tu kama hayamhusu.

DULLA: Hao ndo wabaya.

ZUHURA: Sasa raha inaanzia hapa. Anayefungua bahasha za kura na kutangaza, kwa katiba, ni mwenyekiti wa Seneti, ambaye ni makamu wa rais, ambaye ni…

DULLA: Usiniambie.

ZUHURA: Jefferson mwenyewe. Tarehe 11 Februari 1801. Na bahasha ya Georgia, kura 4, karatasi zake hazikuandikwa kwa utaratibu unaotakiwa. Alizihesabu akaendelea. Mi namuelewa, hakuna aliyebisha kwamba Georgia iliwapigia wao, ila ukiangalia picha yenyewe, mgombea ndo msimamizi, unatokwa jasho.

Kwahiyo sare inakwenda kwenye Bunge la Wawakilishi, na ni bunge la zamani, lililojaa Federalist walioshindwa uchaguzi. Wao ndo wanaochagua kati ya mahasimu wawili. Na hawapigi kichwakichwa, kila jimbo kura moja, wabunge wa jimbo wanakubaliana kwanza kati yao. Ukitaka ushindi upate majimbo 9 kati ya 16. Raundi ya kwanza Jefferson 8, Burr 6, na mawili, Vermont na Maryland, yamegawanyika katikati hayana kura.

DULLA: Amekosa moja.

ZUHURA: Moja tu. Wakapiga tena, vilevile. Tena, vilevile. Usiku kucha. Washington enzi hizo ni mji mpya, jengo la bunge limekamilika upande mmoja tu, nje theluji, watu wanalala kwenye viti wamejifunika makoti. Maryland ilikua wabunge wanne kwa wanne, na mmoja wa upande wa Jefferson, Joseph Nicholson, ana homa kali. Asipofika, Maryland inakwenda kwa Burr. Wakambeba kwenye theluji wakamlaza kwenye chumba cha pembeni, mkewe yuko naye anampa dawa, kila raundi wanamletea karatasi kitandani anaandika.

DULLA: Mke wake ndo shujaa wa hii stori, na sidhani hata kama alikua na kura.

ZUHURA: Hakuwa nayo. Siku zinapita, huko nje magavana wa Virginia na Pennsylvania wanaandaa wanamgambo, maana kuna fununu Federalist watavuta muda mpaka tarehe 4 Machi, siku ya kuapisha rais mpya, halafu waweke mtu wao akaimu. Hamilton, ambaye alikua hampendi Jefferson hata kidogo, anaandika barua kila upande kwamba heri Jefferson, ana misimamo hata kama ni mibaya, Burr hana.

DULLA: Nani aliyelegea?

ZUHURA: James Bayard wa Delaware. Delaware ilikua na mbunge mmoja tu, kwahiyo huyu bwana peke yake ni jimbo zima, uzito sawa na Virginia yote. Akaona hii nchi inapasuka, akawaambia wenzake mi natoka. Kulikua na mazungumzo ya pembeni, baadae Bayard akaapa kwamba alipewa uhakika fulani kwa niaba ya Jefferson, Jefferson akakana. Raundi ya 36, tarehe 17 Februari, wakapanga bila aibu kubwa, Federalist wa Maryland wakaweka karatasi tupu, Delaware tupu, South Carolina tupu, na yule mbunge Federalist wa Vermont akatoka nje. Vermont kabaki mbunge mmoja ukumbini.

DULLA: Usiseme.

ZUHURA: Matthew Lyon. Mtu waliyemfunga wao.

DULLA: (anapiga meza) Hapana bwana, hii umeitunga!

ZUHURA: Majimbo 10 kwa Jefferson, 4 kwa Burr, mawili kimya. Ila ngoja, nilisema nitarudi kwa watumwa. Katiba ilihesabu watu watano walio utumwani kama watatu, kwa ajili ya kugawa viti vya wabunge, na wajumbe wa uchaguzi wanafuata idadi ya viti. Hawapigi kura, hawana haki yoyote, lakini miili yao inampa bwana wao wajumbe zaidi. Wanahistoria kadhaa wamepiga hesabu, ukiondoa hiyo nyongeza Adams anampita Jefferson, na hii sare isingekuwepo. Na Jefferson mwenyewe maisha yake yote alimiliki zaidi ya watu 600. Watu wakiongelea raundi 36 wanacheka sana, hii sehemu wanairuka.

DULLA: Hapo umenizima kidogo.

ZUHURA: Inabidi. Haya, 4 Machi, saa kumi usiku, Adams akapanda gari la farasi akaondoka mjini, hakusubiri kuapishwa kwa mwenzake. Jefferson akatoka nyumba ya kupanga aliyokua anakaa, akatembea kwa miguu mpaka bungeni, akaapishwa na Jaji Mkuu John Marshall, binamu yake wa mbali ambaye hawapatani. Hakuna risasi iliyolia. Katiba wakaja kuirekebisha katikati ya 1804, kura ya rais mbali na ya makamu mbali, na mwezi haujaisha Burr, akiwa bado makamu wa rais, akampiga Hamilton risasi kwenye pambano la bastola.

DULLA: Na Lyon?

ZUHURA: Alihamia Kentucky. Wakamchagua ubunge na huko.

DULLA: Wamkalishe kiti cha nyuma tu, mbali na kila mtu.