Jinsi ya kumkagua farasi wa karuseli

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo sichongi kitu, patasi zimepumzika. Tunamkagua farasi wa karuseli, ile bembea kubwa ya kuzunguka yenye wanyama wa mbao. Huyu yuko Glen Echo Park, Maryland, Marekani, kwenye karuseli iliyotengenezwa na kampuni ya Dentzel ya Philadelphia mwaka 1921.

Kwanza, usimpande. Simama nje umtazame ubavu wa kulia. Karuseli za Marekani huzunguka kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo ubavu huo ndio unaowaelekea watu. Unaona mikanda ya hatamu, pambo la mtandiko, singa za shingoni zinavyopepea? Sasa hamia upande wa ndani. Pamepoa, mapambo ni haba! Usidhani mchongaji alikuwa mvivu. Alijua anayesimama nje ndiye ambaye hajakata tiketi, na huyo ndiye wa kutongozwa. Ukimkuta farasi aliyepambwa zaidi kushoto, mshuku kuwa ni wa Uingereza, maana kule huzunguka kwa kufuata saa.

Pili, omba ruhusa, kisha mgonge tumboni kwa kidole. Ngo, ngo. Ni sanduku: mbao zimeunganishwa kwa gundi, katikati wazi. Kichwa na miguu huchongwa kando, halafu huunganishwa. Angekuwa gogo zima, angekuwa mzito kuzungushwa na angepasuka upesi.

Tatu, tazama kwato. Aliyekanyaga sakafu hatikisiki. Aliyeinua miguu yote minne ananing'inia kwenye nguzo, naye ndiye hupanda na kushuka.

Nne, hesabu kundi lote. Wako 52: farasi 40, sungura wanne, mbuni wanne, kisha twiga, kulungu, simba na chui milia, mmoja mmoja. Mimi ningemgombania sungura.

Kabla hujapanda, jambo moja. Bustani hii ya Glen Echo ilikuwa ya wazungu tu. Tarehe 30 Juni 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Wamarekani weusi, waliingia wakapanda wanyama hawa hawa, tiketi mkononi. Karuseli haikuwashwa. Weusi watano walikamatwa. Milango ilifunguliwa kwa wote mwaka 1961.

Haya, kata tiketi. Chagua safu ya nje, ushike nguzo vizuri.