Kipindi cha Muziki Kisisubiri Mgeni Rasmi

Mhadhara kwa walimu na wazee wa wanafunzi wa skuli za msingi, Wete, Pemba

Assalamu alaykum walimu wakuu, walimu wenzangu, na nyinyi wazee mlioacha shughuli zenu asubuhi hii mkaja. Wengi mshanisikia nikilisema hili. Hapo mlangoni mmoja wenu kaniuliza, "Leo tena ni muziki, Mwalimu?" Ndiyo, ni muziki. Nitanyamaza siku nitakapoingia skuli yoyote ya Pemba, siku ya kawaida isiyokuwa na sherehe wala mgeni, nikakuta darasa la tatu wanaimba kwa sababu ratiba inasema saa hiyo ni ya kuimba.

Sasa hivi tunafanyaje? Barua inakuja kwamba kiongozi fulani atafungua madarasa mapya. Anaitwa mwalimu anayejulikana kuwa ana sauti. Anachagua watoto kumi na tano wenye sauti nzuri na sare nzuri. Mnacheka, lakini mnajua kuwa sare huangaliwa kabla ya sauti. Wanatolewa darasani wiki mbili, hesabu zinawapita, Kiswahili kinawapita, wanakaririshwa beti za kumsifu mgeni. Siku yenyewe wanapangwa juani tangu saa mbili, mgeni anafika saa nne na nusu. Wanaimba dakika tano, wanapigiwa makofi, ngoma inarudi stoo hadi aje mgeni mwengine. Na wale waliobaki darasani? Hao tumeshawaambia, bila ya kufungua mdomo, kwamba kuimba si kwao.

Hata Tamasha la Elimu Bila Malipo tumelifanya hivyo hivyo. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure kwa watoto wa Zanzibar, na ni haki kuisherehekea kwa nyimbo na ngoma. Ila mtoto anayeonja ngoma Septemba tu, tena akiwa amechaguliwa, hajafundishwa. Ametumiwa.

Nataka nikae kidogo kwenye habari ya sanduku, ala ile ya uzi mmoja. Kidumbaki, taarabu yetu ya harusini, sihitaji kukuelezeni, kila aliyewahi kwenda harusini anakijua: ngoma ndogo mbili ndizo vidumbaki, fidla, mkwasa wa vijiti, cherewa za kutikisa, na sanduku linalonguruma chini. Skuli moja huku kaskazini niliomba darasa la nne tuunde sanduku letu. Sanduku la mbao hatukulipata. Tukachukua ndoo tupu ya rangi, tukaigeuza kifudifudi, tukaitoboa kitako, tukatafuta fimbo. Nilikuwa na mshipi mwembamba wa kuvulia samaki mfukoni. Akanyanyuka kijana mmoja wa nyuma, ambaye mwalimu wake alishaninong'oneza, "Huyu usihangaike naye, kusoma hajui." Akasema, "Mwalimu, huo wa changu. Utakukata vidole. Huku unataka mshipi wa jodari."

Kesho yake kaja nao kutoka kwao. Akaupitisha tunduni, akaufunga kwa ndani kwa fundo ambalo mimi silijui na mwalimu wake halijui. Darasa zima likamzunguka kumwangalia mikono. Akaukanyaga ukingo wa ndoo, akaivuta fimbo nyuma, akaudonoa uzi. Duuu. Akaivuta zaidi, uzi ukakaza, sauti ikapanda. Akailegeza, ikashuka. Wakaanza kuuliza kwa nini, na hakuna aliyewalazimisha kuuliza. Hapo mwalimu wa sayansi ana somo la mtetemo limeshajileta lenyewe.

Nikamwambia aishike fimbo pale pale, isisogee. Mwenzake akapima uzi kwa kamba ya ukili, akaikunja kamba nusu kwa nusu, akaubana uzi katikati kabisa kwa kidole. Ukadonolewa tena. Wengine wakapiga kelele, "Ni ile ile!" Wengine, "Siyo, hii iko juu!" Walibishana kweli kweli, na wote walikuwa sawa. Uzi ukiugawa nusu, sauti inayotoka ni ile ile, ila imepanda juu. Wasichana wawili wakataka kujaribu theluthi. Nani kati yetu aliwahi kuombwa theluthi na mtoto wa darasa la nne? Ubaoni tunaziandika sehemu hizo wiki nzima wakizitazama kama maandishi ya mganga.

Mapigo nayo ni hesabu. Kundi moja lipige kila pigo, la pili lipige moja kati ya mawili, la tatu moja kati ya manne. Atakayekosea atajisikia mwenyewe, hangoji mwalimu amtie alama ya kosa. Na walimu wa darasa la kwanza mnaohangaika na silabi, chukueni ubeti wa shairi letu la kawaida, mizani nane na mizani nane kila mshororo. Mtoto apige kofi kwa kila silabi. Akifika ya nane apumue. Kamange na Sarahani, washairi wa kisiwa hiki hiki, mashairi yao yalihesabiwa hivyo, halafu sisi tunaagiza chati za silabi za kubandika ukutani.

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni, dini je? Mzee wangu, nakuheshimu na nakujibu. Mwanao jioni yuko madrasa. Huko anasoma kasida, anajua wapi avute na wapi akate, anaitikia pamoja na wenziwe. Kwenye maulidi dufu linapigwa, na kwenye maulidi ya homu safu nzima inainama na kuinuka kwa pumzi moja. Hilo analolijua tayari ndilo skuli iliendeleze. Kama hutaki mwanao ashike fidla, mwambie mwalimu, na mtoto ataimba kasida na kupiga makofi. Kipindi kinawatosha wote.

Mwengine ataniambia mtihani wa darasa la sita. Nimeshajibu, sehemu na silabi zimo mtihanini. Wa tatu ataniambia fedha. Ndoo ya rangi, mshipi, vifuu viwili na chembe za mtama ndani yake ukapata cherewa. Hili la fedha naomba tusilirudie tena, limenichosha.

Kuna na wale wanaonitajia Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu. Alizaliwa Fumba, akauza vyungu, skuli hakwenda, na mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi santuri. Basi, wanasema, kipaji hakihitaji kipindi. Hapana. Siti alipohamia mjini alipata watu waliojua, wakakaa naye, wakamfundisha. Msimtoe mafunzo yake ili mpate kisingizio cha kutofundisha. Na tangu 2002 kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kule Mji Mkongwe, kinafundisha udi, ganuni, fidla, ngoma. Nakipenda chuo kile. Lakini mtoto wa Konde huku Pemba hawezi kupanda boti kila wiki kwenda kujifunza udi Unguja, na hatafika huko akiwa mkubwa kama hakuna aliyemgusisha mkono kwenye ala akiwa mdogo.

Walimu mnasema hamkusomeshwa muziki chuoni. Kweli kabisa. Basi waiteni wanaojua. Nyuma ya skuli zenu wanakaa wazee wanaocheza msewe na njuga zake miguuni, wanaojua kibati, majibizano yale ya haraka mtu anatunga papo hapo. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mazoezi ya kusema hatapata bora kuliko kibati. Mzee aje mara moja kwa mwezi, apewe kiti na chai, mwalimu akae pembeni ajifunze pamoja na watoto.

Nilitaka kusema habari ya kuchora, kusuka ukili na maigizo, mwenyekiti ananionesha saa. Kwa ufupi: mtoto aliyekwisha kusuka mkeka anajua kuhesabu miyaa na kurudia ruwaza, mpeni daftari achore alichokisuka. Maigizo tutayaweka siku nyengine.

Walimu wakuu, ombi langu ni moja. Ratiba ya muhula iko ukutani ofisini kwako. Weka kipindi kimoja kwa wiki kwa kila darasa, uandike na jina la mwalimu. Usikiweke Ijumaa mwisho, watoto macho yao yako mlangoni wanawahi sala. Usimpe mwalimu wa hesabu akikikopa, maana hatakirudisha. Kiweke Jumanne, kipindi cha pili, wakiwa bado wana nguvu.

Sasa maswali. Aanze yule mzee wa safu ya nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja dini.