Bella kaachwa, kisha nini? Kuhusu New Moon na vitabu vya katikati

Haya tukae jamani, huku mbele viti vipo. Wengi mnanijua na mnajua nitaongea nini, kwa hiyo sitawahadithia upya Bella ni nani wala Edward, yule vampaya mpenzi wake, ni nani, wala kwamba Forks ni kamji ka mvua kule jimbo la Washington. Leo nataka kile cha pili tu kwenye Twilight ya Stephenie Meyer, New Moon, cha 2006. Kila nikisema kiliniangusha naambiwa ah, kitabu cha katikati ndo kilivyo, kinasubiria cha mwisho. Hapana! Hicho kisingizio nakikataa. Msomaji kanunua kitabu kizima, hajanunua foleni.

Twende kwenye zile kurasa. Edward anampeleka Bella msituni anamwambia sikuchukui, sikutaki tena, anaondoka, na ukoo wake mzima wa mavampaya umeshahama. Unafungua ukurasa unakuta Oktoba, basi, neno moja. Unafungua tena, Novemba. Desemba. Januari. Hamna kingine, karatasi nyeupe. Watu wanazisifu sana hizi kurasa na nawaelewa, ukizifikia unaganda, binti hayupo, muda unapita bila yeye. Lakini hebu angalieni mwandishi kafanya nini pale. Kitabu kilikuwa palepale! Una binti wa miaka 18 anaishi na baba tu, baba mwenyewe polisi, mambo ya moyo hajui aanzie wapi, na usiku anamsikia mwanae anapiga kelele usingizini. Ikifika Januari baba kachoka mpaka anapiga ngumi mezani, anataka amrudishe kwa mama yake Florida. Sasa haya yote tunaambiwa baadaye, yameshapita, kama mtu anayekusimulia msiba ambao hukuhudhuria. Miezi minne ya huyo baba, Charlie, na binti yake ndani ya nyumba moja, hatujaiona hata siku moja. Yaani mwandishi kafika kwenye chumba kizito kuliko vyote kwenye hadithi yake, kafunga mlango, na sisi tunapiga makofi kwamba mlango mzuri.

Na asitokee mtu kuniambia huzuni ya namna ile haiandikiki. Mbona filamu ya 2009 ilitafuta njia? Chris Weitz kamkalisha Bella kwenye kiti dirishani, kamera inamzunguka, nje majani yanaanguka, theluji inakuja, halafu anamwandikia Alice, dada yake Edward, imeili na zinarudi hazijafika. Imeili zinazorudi! Kitu kidogo kabisa na kinauma. Kwa hiyo inawezekana.

Mwingine atasema hizi ni hadithi za wasichana, mavampaya na mapenzi, unazichukulia siriasi ya nini. Hili swali linanichosha. Msichana wa miaka 15 anayesoma habari ya mtu kuachwa, huenda ndo mara yake ya kwanza kuona hicho kitu kimeandikwa. Yeye ndo anastahili uangalifu zaidi, siyo pungufu.

Sasa Jacob, yule rafiki yake Bella. Wanatengeneza pikipiki gereji, anamchekesha, taratibu binti anarudi kuwa mtu, mwenyewe anamwita jua lake. Hapo swali linaanza kuchemka, huyu Bella anaweza kuishi bila Edward au hawezi? Swali zuri kuliko yote kwenye vitabu vyote vinne. Na linajibiwaje? Kwa simu! Bella karuka toka kwenye jabali, Alice kaona kwenye maono yake akadhani kafa, Rosalie, dada mwingine wa Edward, kampelekea Edward habari, Edward kapiga simu nyumbani, kapokea Jacob, anasema Charlie yuko mazishini. Mazishi ya Harry Clearwater, rafiki yake Charlie, lakini Edward anadhani ni ya Bella. Basi huyo Volterra, Italia, anataka ajianike juani saa sita mchana ili Volturi, watawala wa mavampaya, wamuue kwa kufichua siri yao. Bella anakimbia katikati ya umati, anamwahi, na sikatai pale moyo unaenda mbio. Ila swali limekufa. Halijajibiwa, limeondolewa mezani.

Kwa nini? Meyer mwenyewe alishaeleza kwamba baada ya kile cha kwanza aliandika muendelezo mwingine, Forever Dawn, halafu ikaamuliwa Bella akae shuleni kidogo kwa sababu wasomaji ni vijana. Ndo New Moon na Eclipse zikaingizwa katikati, na ile ya awali ikaja kuwa Breaking Dawn, 2008. Kwa hiyo mwisho ulishajulikana, Edward lazima arudi. Kujua mwisho siyo tatizo, nyie mnaoandika za mfululizo mnajua mwisho kila siku. Tatizo Edward karudi na hajalipa chochote! Anasema nilidanganya kwa ajili ya usalama wako, na binti anampokea usiku uleule. Anaogopa ataachwa tena, sawa, hiyo ipo. Hasira je? Hasira ya ile miezi minne iko wapi? Anayelipa ni Jacob, aliyemshika mkono, na Charlie, ambaye anambania mtoto asitoke nyumbani huku kijana analala chumbani kwake kwa kupitia dirishani.

Volturi nawaruka, naona saa. Na Waquileute, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, ndo kabila la Jacob, ambao ni watu kweli na La Push ni kijiji chao kweli, wanaishi pale mpaka leo, kuna mengi ya kusema jinsi hadithi zao za asili zilivyochukuliwa, hilo linataka siku yake nzima, siwezi kulibana dakika mbili.

Mikono naiona. Anza wewe dada wa mbele, umenuna tangu nilipomtaja Jacob.