Kabla Hujasema Darubini Imeharibika

Karibuni, watazamaji. Darubini mnayoiona hapa mezani ni ya lenzi, ya aina ambayo wengi huanzia: lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 70 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale inapokusanya mwanga, wa milimita 700. Darubini nyingi za namna hii hurudishwa kwenye boksi baada ya usiku mmoja wa kutazama giza, ilhali ni nzima kabisa, na jambo hilo hunisikitisha.

Onyo moja kwanza. Usiielekeze kwenye Jua kamwe, wala usichungulie Jua kupitia ile darubini ndogo ya kutafutia iliyo ubavuni, kwa maana jicho linaweza kupofuka papo hapo.

Matayarisho yafanyike mchana. Simamisha stendi bila kurefusha miguu yake yote, kwani ikiwa mifupi haitikisiki sana. Chomeka kipande cha kona chenye kioo ndani, kisha lenzi ya jicho iliyoandikwa 25. Hapa wengi hukosea wakidhani kwamba namba kubwa ndiyo inayokuza zaidi, kumbe ni kinyume chake: gawanya 700 kwa 25 upate ukuzaji wa mara 28, au kwa 10 upate mara 70. Ukiweka lenzi ya 4 utapata mara 175, kiasi kinachozidi uwezo wa lenzi ya mbele ya milimita 70, ambao kikomo chake ni kama mara 140. Taswira itakuwa hafifu na yenye ukungu. Mimi ya 4 siitumii.

Sasa tafuta kitu kisichosogea kilicho umbali wa nusu kilomita au zaidi, kama ncha ya mnara. Kiweke katikati ya taswira na ukaze stendi. Bila kuigusa tena darubini kubwa, zungusha skrubu za ile ndogo mpaka alama yake ya msalaba iangukie ncha ileile, kisha hakiki kwa lenzi ya 10. Ukiruka hatua hii, usiku utapapasa anga bila kupata kitu. Ukiona kushoto kumekuwa kulia, usishtuke. Ndivyo kioo cha kwenye kona kinavyogeuza taswira.

Usiku, itoe nje nusu saa mapema ili lenzi ipoe, wala usitazame kupitia kioo cha dirisha. Anza na Mwezi ukiwa nusu badala ya mpevu, na utazame pale mwanga unapokutana na giza, kwa kuwa vivuli virefu vya hapo ndivyo vinavyodhihirisha mashimo na milima. Kisha nenda kwenye Mshtarii, yaani Jupita, ambaye kandokando yake utaona nukta za miezi minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Wakati mwingine mmojawapo hujificha. Sayari itateleza nje ya taswira kwa sababu Dunia inazunguka, hivyo isogeze darubini taratibu kuifuata.

Ukiona giza tupu, hakikisha kwamba umeondoa kifuniko chote cha mbele, maana vingine vina kifuniko kidogo katikati, na mtu huondoa hicho tu. Ukiona duara pana la mwanga badala ya nyota, fokasi bado: zungusha gurudumu lake polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho wa mwendo wake. Likigoma, legeza skrubu ya kulifungia. Likifika mwisho na taswira haijatulia, huenda umesahau kipande cha kona. Taswira ikitetemeka, ondoa mkono na usubiri sekunde chache. Rangi ya zambarau pembezoni mwa Mwezi ni tabia ya lenzi za bei nafuu, na hakuna skrubu ya kuiondoa. Umande ukitanda kwenye lenzi, usiupanguse kwa kitambaa, kwani utakwaruza kioo. Ingiza darubini ndani na uiache wazi mpaka ikauke yenyewe, ndipo uifunike.