Kupanga Mipangilio ya Video Kabla ya Kuchoma DVD

Karibuni, watazamaji wetu wa Mombasa na wa pwani yote. Leo tunatayarisha diski ambayo mzee wenu aliye Kisauni ataitia katika deki yake ya kawaida, atazame tamthilia mliyoipakua kwa idhini ya wenyewe, bila kuhitaji kompyuta wala intaneti.

Deki za zamani hazisomi faili la MP4, aina ya video inayopakuliwa kwa kawaida. Zinataka video ya MPEG-2, aina itumiwayo na DVD, yenye pikseli 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, ambao ndio mfumo wa televisheni uitwao PAL, pamoja na sauti ya aina ya AC-3 ya kilohezi 48. HandBrake ni programu nzuri ya kubadilisha video, lakini haitoi DVD. Fungueni DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD ambayo hailipiwi.

Kabla ya kubonyeza chochote, hesabuni dakika, kwa maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Diski ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, yaani megabiti 37,600. Vipindi vinne vya dakika 45 ni sekunde 10,800. Mkigawanya megabiti kwa sekunde, mtapata takriban megabiti 3.48 kwa kila sekunde, na hicho ndicho kiwango cha biti (bitrate): kikiwa kikubwa, picha huwa safi zaidi. Toeni kilobiti 192 za sauti, wekeni akiba kidogo, kisha andikeni 3.2 katika nafasi ya video. Vipindi vikiwa viwili tu, mnaweza kupanda hadi 6.5. Kanuni za DVD zinaruhusu video ifike 9.8, ila siwashauri kuukaribia mpaka huo, kwani deki nyingi hukwamakwama zinaposoma diski iliyochomwa nyumbani kwa kiwango kikubwa hivyo.

Je, vipindi sita? Mtabakiwa na megabiti 2 na kitu, na mtajuta. Msipime ubora kwa uso wa mtu aliyeketi akizungumza, kwa kuwa uso huo utaonekana safi hata kwa kiwango cha chini. Chukueni dakika moja yenye mwendo mwingi, mfano wa feri ikiondoka Likoni, mkatazame povu jeupe linalochemka nyuma yake: kiwango kikiwa hafifu, povu hilo huvunjika likawa miraba. Ni heri diski mbili kuliko moja iliyojaa miraba. Programu ikiwapa nafasi ya kuipitia video mara mbili, ikubalini. Mara ya kwanza hupima sehemu ngumu, mara ya pili huzigawia biti zaidi. Itachukua muda mrefu, lakini tofauti mtaiona.

Uwiano wa picha uwe 16:9 iwapo video ni pana, la sivyo nyuso zitarefuka. Tamthilia za Marekani nyingi zina fremu 23.976 kwa sekunde; deki yenu ikisoma NTSC, yaani mfumo wa televisheni wa Marekani, chagueni mfumo huo wenye pikseli 720 kwa 480, mwendo ubaki wa asili.

Sasa chomeni kwa kasi ya 4 au 8, si ile ya juu kabisa, na mhakikishe diski imefungwa mwishoni (finalize), yaani uandishi wake umekamilishwa, ili deki iitambue. Kisha ijaribuni kwa kwenda moja kwa moja kwenye dakika za mwisho za kipindi cha mwisho, kwa sababu diski huandikwa kutoka ndani kwenda ukingoni, na kasoro nyingi hujitokeza huko ukingoni.