Mlango-Bahari wa Bellot: Jina Alilopewa Mtu Angali Hai

Ndugu wasikilizaji, kaskazini mwa Kanada, baina ya Kisiwa cha Somerset na rasi ya Boothia, pana upenyo wa maji wenye urefu wa kilomita 25 hivi na upana usiozidi kilomita mbili kwa sehemu kubwa. Ukingo wake wa kusini ndiko bara la Amerika linakokomea. Unaitwa Mlango-Bahari wa Bellot.

Wengi hudhani jina hilo ni kumbukumbu ya marehemu. Sivyo, na ndiyo maana nimeuchagua leo.

Joseph-René Bellot alikuwa afisa wa jeshi la majini la Ufaransa. Bahari yetu ya Hindi aliijua: mwaka 1845 alijeruhiwa Tamatave, Madagaska, Wafaransa na Waingereza walipoushambulia mji. Mwaka huohuo John Franklin aliondoka Uingereza na meli mbili kutafuta njia ya bahari ya kwenda Asia kupitia kaskazini mwa Kanada, akapotea na watu wake wote. Mkewe, Jane, hakukata tamaa. Mwaka 1851 alituma meli iitwayo Prince Albert chini ya William Kennedy, ambaye mama yake alikuwa wa kabila la Wakri huko Kanada. Bellot, kijana wa miaka 25, akajitolea kwenda naye kumtafuta Mwingereza asiyemjua.

Aprili 1852, wakisafiri kwa sleji, yaani gari lisilo na magurudumu la kuteleza barafuni, juu ya bahari iliyoganda, wakaufikia mlango huo. Kennedy ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara. Angeweza kuupa jina la tajiri au waziri wa London, kama walivyozoea wenzake. Akampa msaidizi wake, aliyegawana naye baridi na chakula. Mimi naiona heshima hiyo kuwa kubwa kuliko nishani yoyote.

Agosti 1853, akiwa katika msafara mwingine wa kumtafuta Franklin, dhoruba ilimtosa Bellot katika ufa wa barafu. Alikuwa na miaka 27. Waingereza walimjengea mnara Greenwich, kando ya mto Thames.

Mlango wenyewe ni mkali. Maji ya kujaa na kupwa hayalingani pande zake mbili, hivyo mkondo huweza kufika kilomita 15 kwa saa, ukisukuma mapande ya barafu. Mwaka 1858 McClintock, nahodha mwingine aliyetumwa na Jane kumtafuta Franklin, aliujaribu mara kadhaa na meli yake Fox, akashindwa kutokea magharibi; ikabidi watu wake waendelee kwa sleji, na mwaka uliofuata wakapata habari za mwisho za Franklin. Chombo cha kwanza kuuvuka mlango mzima, Aklavik, kilipita mwaka 1937.